Casio fx-82MS mbele ya swali la mbuzi

Hukumu kwanza, kwa asiye na muda: kama mtoto wako anaingia sekondari hapa Uganda, mnunulie kalkuleta ya Casio fx-82MS, na pesa itakayobaki mnunulie madaftari ya grafu. Zile za bei kubwa zinaweza kusubiri. Sisemi hivi kwa kuwa imenisaidia kujumlisha risiti za duka, maana hilo hata kalkuleta ya kawaida ya sokoni hulifanya. Nasema kwa sababu nimeiweka mbele ya swali lililonishinda tangu darasa la sita, nikaona inavyofanya kazi pale hesabu inapokuwa ngumu kweli.

Nina duka la vifaa vya ujenzi Bombo, kando ya barabara kuu iendayo Gulu. Nauza misumari, mabati, rangi, na kamba za manila kwa mita. Kalkuleta ninayoizungumzia ni ya binti yangu aliye kidato cha pili. Ya kwanza nilimnunulia Kampala barabarani, kwa mchuuzi karibu na stendi ya taksi. Rangi ilikuwa ile ile na vitufe vilipangwa vile vile, ila jina lilikuwa limebadilishwa herufi moja. Muhula haujaisha, kitufe cha 5 kikaanza kuandika mara mbili. Ya pili nilikwenda kuichukua kwenye duka la vitabu upande wa Nasser Road, nikalipa elfu hamsini na tano, nikapewa risiti. Hiyo ndiyo ninayoisifu hapa.

Sasa swali lenyewe.

Aliyesoma shule ya msingi Uganda anamjua mbuzi wa hesabu. Mbuzi amefungwa kwenye kona ya uwanja wa mraba kwa kamba ya mita 7. Tafuta eneo analoweza kula. Hiyo mita 7 haikuchaguliwa ovyo. Pai tuliandika 22/7, saba inakatana na saba, duara zima linatoa 154, na kwa kuwa kona ni robo ya duara unagawa kwa nne. Jibu ni mita za mraba 38.5, na kalamu unaiweka chini.

Mwalimu wetu wa darasa la sita hakupenda maswali yanayoisha haraka namna hiyo. Siku moja tulipomaliza mbuzi wa kona, alichora duara ubaoni, akatia nukta juu ya mzingo. Uwanja sasa ni wa mviringo, akasema, nusukipenyo chake ni mita 7, na umezungushiwa ua. Kigingi hakiko katikati, kiko kwenye ua wenyewe. Nusu ya majani ni ya mbuzi wetu, nusu nyingine tunamwachia ndama wa jirani. Kamba iwe na urefu gani?

Swali linasikika dogo. Darasa zima lilijibu kwa sauti moja: mita 7, kwa sababu itafika katikati! Mwalimu hakubishana nasi. Aliweka bikari kwenye nukta, akapiga tao la mita 7, likapita kwenye kitovu, kisha akatuonyesha kwamba ulimi wa majani uliobaki ndani ya tao ni mwembamba. Kwa kamba ya mita 7 mbuzi anapata asilimia 39 tu ya uwanja. Mmoja wetu akasema basi iwe 14. Hiyo inafika hadi upande wa pili wa ua, na ndama analala njaa. Kwa hiyo jibu liko mahali fulani kati ya 7 na 14. Akatugawia karatasi za grafu, sentimita moja badala ya mita moja, tukapiga matao na kuhesabu vijiraba. Kufikia kengele tulikuwa tumelibana kati ya 8 na 8 na nusu, naye akatuambia kwamba kwa hesabu tulizo nazo hatuwezi kwenda mbali zaidi ya hapo.

Alikuwa anasema kweli, ingawa mimi niliielewa kweli hiyo miaka mingi baadaye. Tatizo halikuwa udogo wetu. Swali hili halina njia ya mstari mmoja hata kwa mtu mzima, na inafaa nieleze kwa nini, kwa sababu hapo ndipo kalkuleta inapopata kazi.

Weka kitovu cha uwanja O na kigingi P. Tao la kamba linaukata ua mahali pawili, M na N. Eneo analokula mbuzi ni vipande viwili vya duara vinavyolaliana: kimoja kina ncha kwenye kigingi, kingine kina ncha kwenye kitovu cha uwanja. Ukivijumlisha, umbo la tiara OMPN limehesabiwa mara mbili, kwa hiyo unalitoa mara moja. Mpaka hapo ni jiometri ya kidato cha tatu. Sasa iite pembe MPN, ile iliyo kwenye kigingi, B, na uipime kwa radiani, kipimo ambacho mzunguko mzima ni 2π badala ya nyuzi 360. Urefu wa kamba ni 14 mara cos ya nusu ya B. Ukiandika vipande vyote kwa kutumia pembe hiyo moja, mambo mengi yanakatana yenyewe, na eneo la mbuzi linabaki hivi:

49 × (π − sin B + B × cos B)

Ukitaka eneo hilo liwe nusu ya uwanja, unafika kwenye mlinganyo mfupi:

sin B − B × cos B = π ÷ 2

Utazame vizuri. Herufi B iko ndani ya cos na wakati huo huo iko nje ikiizidisha. Huwezi kuihamisha upande mmoja peke yake kama tulivyozoea kuhamisha x. Ukiitoa nje ya cos, ile ya nje inaingia kwenye cos kinyume (cos⁻¹). Ukiigawa ile ya nje, ya ndani inabaki ilipo. Jioni nyingi za kidato cha nne nilizimaliza hapo hapo, na kitabu cha jedwali za hesabu mkononi, nikitafuta ujanja ambao haupo.

Mwaka huu binti yangu alipokuwa likizo nilimwandikia swali lile nyuma ya kitabu cha risiti, akalipenda, tukakaa mezani na kalkuleta yake. Tulianza kwa njia ya kujaribu. Kwanza unaiweka kwenye radiani: bonyeza MODE mara mbili, kisha 2, na herufi ndogo R inatokea juu ya kioo. Ikiwa bado inaonyesha D, ujue iko kwenye nyuzi, na mlinganyo wetu hautafanya kazi kabisa. Halafu unahifadhi urefu wa kamba unaoujaribu katika A. Unaandika 2cos⁻¹(A÷14), jibu unalihifadhi katika B, kisha unaandika lile eneo la hapo juu. fx-82MS ina herufi tisa za kuhifadhia namba, na mstari wa kuandikia umetengana na mstari wa jibu, kwa hiyo unaona ulichoandika na ulichopata kwa pamoja. Ukibonyeza mshale wa juu, mistari uliyokwisha kuandika inarudi. Huandiki upya, unabadilisha A peke yake.

Nusu ya uwanja ni mita za mraba 76.97 ukitumia pai ya kalkuleta badala ya 22/7. Kamba ya mita 8 ikatoa 75.25. Ya mita 9 ikatoa 90.85, ikapita mbali. Tukarudi 8.1, ikatoa 76.80. Binti yangu akaruka kitini: “Mama, imebaki kidogo sana!” Hapo nilimwona amekamatwa na swali kama nilivyokamatwa mimi, na sikutaka kumpa njia ya mkato mapema. Alisogea 8.11, akaenda 8.112, akarudi, akiandika kila jaribio kwenye daftari katika safu mbili. Hii ni hesabu halisi. Ni kazi anayoifanya mhandisi na anayoifanya mtabiri wa hali ya hewa, na chombo kilichomfundisha ni cha bei ya gunia na nusu la saruji.

Baadaye ndipo nilipomwonyesha njia ya Newton-Raphson, inayochukua kisio na kukisahihisha tena na tena, ile wanayoisoma kidato cha sita kwenye karatasi ya pili ya hesabu. Andika 2 na ubonyeze =, ili 2 ikae ndani ya kitufe cha Ans, kinachoshika jibu la mwisho. Kisha andika mstari huu:

Ans − (sin Ans − Ans × cos Ans − π ÷ 2) ÷ (Ans × sin Ans)

Ukibonyeza = mara ya kwanza unapata 1.906084 na ushei. Bonyeza tena, bila kuandika chochote: 1.9056957. Bonyeza tena: 1.905695729, na kuanzia hapo kioo hakibadiliki hata ubonyeze mpaka asubuhi. Ndiyo pembe ya kigingini, nyuzi 109 na kidogo. Andika 14cos(Ans÷2), na kamba ya mwalimu wetu inajitokeza: mita 8.111099311.

Nilikaa kimya nikiitazama ile namba. Mita nane na sentimita kumi na moja. Vijiraba vyetu vya darasa la sita vilikuwa vimeizunguka sawasawa.

Nilipotafuta historia yake nilikuta kwamba hatukuwa peke yetu. Swali la jamaa yake lilichapishwa London mwaka 1748, katika kitabu cha kila mwaka kilichotengenezwa kwa ajili ya wasomaji wanawake, na humo mnyama alikuwa farasi aliyefungwa nje ya ua. Huyu wetu wa kula ndani alifika katika jarida la wanahisabati la Marekani mwaka 1894. Kwa uwanja wowote, kamba inayotakiwa ni nusukipenyo mara 1.1587, kwa hiyo mwenye uwanja wa nusukipenyo cha mita 20 atahitaji kamba ya mita 23 na sentimita 17. Wapo waliouliza hata juu ya mpira badala ya duara, yaani nusu ya ujazo ndani ya tufe, na hapo kizidisho kinakuwa 1.2285. Na lile jibu kamili lisilo la kukadiria, lililoandikwa kwa fomula moja, lilipatikana mwaka 2020 tu, kwa mkono wa Ingo Ullisch, mwanahisabati Mjerumani. Fomula yake imejengwa kwa kalkulasi ya namba changamani ambayo sitajifanya naweza kuieleza dukani. Ila hata yeye, akitaka kukata kamba, atalazimika kuigeuza fomula hiyo kuwa namba, na namba atakayoipata ni hii hii iliyokuwa kwenye kioo cha binti yangu.

Tuliikata kamba kweli. Nilipima mita 8 na sentimita 11 kutoka kwenye bunda la manila, tukachora duara la majivu nyuma ya nyumba kwa kigingi na kamba ya mita 7, tukahamishia kigingi kwenye ukingo. Tao jipya linakipita kitovu kwa mita moja na sentimita 11, na kwa macho unaona mizani imekaa. Mwenye mbuzi wa kweli akumbuke kwamba kamba hufungwa shingoni, na mdomo wa mbuzi unafika mbele ya fundo, tena fundo lenyewe hula kamba pande zote mbili. Ndama wa jirani akilalamika, sababu ni hiyo na si Newton.

Turudi kwenye bidhaa. Jambo ninalolipenda zaidi katika fx-82MS ni kwamba unaandika kwa mpangilio ule ule unaotamka: sin kwanza, namba baadaye, mabano mahali pake. Mtoto anayeandika vizuri daftarini anaandika vizuri kwenye kalkuleta, na akikosea bano anaona alipokosea, anarudi na mshale kurekebisha. Vitufe vina mbonyeo unaosikika kidoleni. Kifuniko kigumu kinateleza na kukaa mgongoni, kwa hiyo hakipotei darasani, na ndani ya begi lenye vitabu na chupa ya maji kioo kinabaki salama.

Inatumia betri na haina kioo cha jua. Usipoigusa kwa dakika kama sita inajizima kulinda betri. Mtu anayetafakari swali gumu anapaswa kulijua hilo, kwa sababu ikijizima, ile mistari ya nyuma unayoirudisha kwa mshale inafutika. Namba ulizohifadhi kwenye A na B zinabaki. Kwa hiyo mstari mrefu kama ule wa Newton-Raphson uandike kwanza kwenye karatasi. Mimi naliona hilo ni zoea zuri kwa mwanafunzi hata bila betri kuhusika.

Sehemu za namba inaziandika kwa mstari mmoja na alama yake ya kutenganisha, si juu na chini kama kitabuni. Toleo la ES linaziandika kama kitabuni, na kwa mtoto anayehangaika na sehemu hiyo ni faida kubwa. Na fx-991ES Plus ina kitufe cha SOLVE: unaandika mlinganyo wa mbuzi kama ulivyo, unabonyeza, inakutafutia B yenyewe. Kwa mwanafunzi wa kidato cha tano na cha sita anayesoma hesabu na fizikia, ile inastahili bei yake. Kwa wa kidato cha pili ningeificha kabatini. SOLVE ingempa binti yangu 1.905695729 bila yeye kuona 8 ikipungua, 9 ikizidi, na jibu likibanwa katikati mpaka likatulia. Kuliona hilo ndiko kulikomfanya siku ile ile aanze kuuliza ingekuwaje kama ua ungekuwa wa mraba na kigingi kiko katikati ya upande mmoja. Hilo nalo analo daftarini, na hajalimaliza.

Kuhusu mitihani: karatasi ya hesabu ya UCE, mtihani wa kumaliza kidato cha nne, inaruhusu kalkuleta zisizotoa sauti na zisizoprogramika, na fx-82MS ni ya aina hiyo. Mzazi hana sababu ya wasiwasi hapo.

Ukienda kununua, usitosheke na sanduku. Omba ifunguliwe, iwashwe mbele yako. Bonyeza π kisha =; lazima utoke 3.141592654. Hakikisha inaonyesha D, andika sin 30, lazima utoke 0.5. Igeuze kwenye radiani, andika sin 30 tena; jibu lazima libadilike liwe hasi, −0.988 na ushei. Bonyeza kila namba kuanzia 0 hadi 9 na utazame kama kuna inayojirudia. Soma jina la kampuni herufi kwa herufi, mbele na nyuma. Muuzaji wa haki atakusubiri umalize, na yule wa Nasser Road alinisubiri, akanipa na kiti.